Habari za Idara, Jikoni kwa Mama Atupele

Atupele alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye kikao cha idara. Nilitoka nikasimama koridoni karibu na mlango wa maabara ya kompyuta, wanafunzi wakinipita huku na huku. Hatukuwahi kuonana, mimi na Atupele, na sauti yake ndiyo kwanza nilikuwa naisikia. Alijitambulisha, akavuta pumzi, akasema mama yake amefariki na wanazika Alhamisi, hapo hapo nyumbani Makandana. Nikampa pole. Nilidhani atakata, maana mfiwa ana watu wengi wa kuwapigia, lakini akabaki kwenye simu. "Dada Salome, samahani nikuulize. Bi Suhula ni nani? Mama siku zile za mwisho alikuwa anamuulizia kila mara. Bi Suhula mguu umepona? Bi Suhula mguu umepona? Tumeulizana ukoo mzima, hakuna anayemjua. Ndipo mjomba akasema labda ni mmoja wa watu wako wa takwimu."

Nikamwambia ni Bi Zuhura, aliyekuwa katibu muhtasi wa idara yetu, sasa amestaafu yuko kwao Pangani, na mguu ulipona zamani. "Walijuana wapi?" akauliza. Nikasema hawakujuana. Hawakuonana hata siku moja. Jambo lenyewe lilikuwa refu kuliko simu, na nyuma yangu mlango ulifunguliwa, mtu akaniashiria kwamba wananingoja. Nikarudi kukaa. Sikumbuki tuliamua nini siku ile. Mwili ulikuwa kwenye kiti, lakini mwenyewe nilikuwa nimeshafika kwenye jiko la mbao lenye moshi, mvua inapiga bati, na mama mmoja ameshika mwiko anasema: "Haya, soma. Wanasemaje watu wetu?"

Mwaka ule nilikuwa mkufunzi msaidizi, mdogo kuliko wote idarani. Mkuu wa idara alikuwa Profesa Nkinda, mtu mwembamba mwenye koti moja la kahawia ambalo begani lilikuwa jeupe kwa vumbi la chaki. Aliniita ofisini kwake, akanionyesha kiti, yeye akabaki amesimama dirishani. Alisema idara imepata kazi ya kupima mavuno ya ndizi na maziwa kwa wakulima wadogo wa Rungwe, na kwamba takwimu zilizokuwapo hazimpi usingizi. "Ukimuuliza mkulima mwezi wa saba alivuna mikungu mingapi mwezi wa pili, atakujibu kwa sababu ya adabu, si kwa sababu anakumbuka. Nataka mtu wa kukaa kule mwaka mzima, Salome. Si kwenda na kurudi. Kukaa." Kisha akasema nikirudi, nafasi ya kwenda kusoma nje itakuwa yangu, ameshazungumza na wenzake. Hakuandika mahali popote, wala mimi sikuona haja. Neno la Profesa Nkinda lilikuwa kama kitu ulichokwisha kutia mfukoni.

Chumba changu Makandana, pale mjini Tukuyu, kilikuwa cha nyuma, chenye dirisha dogo lililotazama migomba. Kulikuwa na kitanda cha mbao, meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, na msumari mmoja mlangoni wa kutundikia kila nilichonacho. Mimi nimezaliwa nchi kavu, ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Tukuyu nilikuta mvua ambayo hakuna anayeitaja. Nguo zilikaa kwenye kamba mpaka zikanuka, viatu vikaota ukungu chini ya kitanda, na shuka usiku lilikuwa kama limetoka kunyunyiziwa maji. Mwenye nyumba aliona nikizigeuza sketi zangu kwenye kamba siku ya tatu mfululizo, akazichukua bila kusema, akazitandaza juu ya kapu lililofunikwa kwenye jiko la mkaa. Huyo ndiye Mama Atupele. Alikuwa mjane, amefanya kazi miaka mingi kiwandani akichambua chai mpaka macho yakachoka. Kila mtu alimwita kwa jina la bintiye, nami nikamwita Mama tangu wiki ya kwanza, kwa sababu pale hapakuwa na jina jingine la kumwita mtu anayekukaushia nguo.

Mchana nilikuwa vijijini, Kawetele au Lufingo, nimevaa mabuti, nimebeba mizani ya kuning'iniza begani. Kaya tulizozifuata zilikuwa zimechaguliwa kwa sampuli, na kila mwenye kaya alitaka kujua kwa nini yeye na si jirani. Nikaeleza kwamba majina yalichaguliwa bila upendeleo, kama bahati nasibu. Mzee mmoja wa Lufingo akaniangalia sana. "Bahati nasibu," akasema. "Nimeshinda?" Nikasema ndiyo, kwa namna fulani. "Nimeshinda nini?" Nikasema nitakuwa nakuja kupima ndizi zako kila wiki mbili. Alicheka mpaka akashika mgomba, akamwita mkewe atoke aje aone zawadi aliyoshinda. Walinipa ndizi za kuchoma na maziwa mgando, wakaendelea kuzungumza wao kwa wao Kinyakyusa, na kicheko kikaendelea juu ya kichwa changu. Niliijua ugonile ya asubuhi na ndaga ya kushukuru, basi. Watu wale hawakuninyima kitu. Lakini mtu anaweza kulishwa vizuri sana, akakaa katikati ya watu wema, na bado asiwe na wa kumwambia kwamba leo aliona wingu limekaa juu ya Mlima Rungwe kama kilemba. Jumapili nilikwenda kanisani nikaimba nyimbo ambazo tuni zake nilizijua na maneno yake sikuyajua. Nikirudi chumbani nilijisikia nimefumba mdomo wiki nzima.

Nyuzi zangu na Dar es Salaam zilikuwa mbili. Wa kwanza ulikuwa Fidelis, tuliyesoma pamoja tangu mwaka wa kwanza na kuajiriwa pamoja, ambaye wakati ule niliamini tutaoana, ingawa hakuna kati yetu aliyekuwa amelitamka. Alipiga simu kila Jumapili jioni. Wa pili ulikuwa karatasi ya Bi Zuhura. Kila mwezi Bi Zuhura alichapa kurasa mbili alizoziita Habari za Idara, akazibandika ubaoni na kugawa nakala ofisini, na yangu akaitia kwenye kifurushi cha fomu kilichokuja kwa basi. Niliichukua ofisi ya basi pale stendi, naipasua bahasha nikiwa bado nimesimama kwenye matope. Ndani mlikuwa na mambo ya kawaida kabisa. Mashine ya kutoa nakala imeharibika tena. Wahadhiri wamefungwa na wanafunzi kwenye mpira, na golikipa wa wahadhiri analaumu jua. Mgeni kutoka ng'ambo ametoa mhadhara, kisha akala pilipili akidhani ni nyanya. Mwenzetu fulani amepata mtoto wa kiume, mama na mtoto hawajambo. Nilisoma kila mstari mpaka jina la mchapaji chini kabisa.

Mwezi wangu wa pili pale Mama Atupele alinikuta jikoni ninaisoma huku nacheka peke yangu. Alikuwa anapika mbalaga, ndizi zimeanza kulainika kwenye maziwa. "Unacheka nini, mwanangu?" Nikamsomea habari ya pilipili. Hakucheka. Alitaka kujua huyo mgeni ana mke, na kama mke wake alikuwa hapo, na ni nani aliyempa maji. Nikamwambia karatasi haisemi. "Basi wangempa maziwa," akasema, "maji yanazidisha." Nikamsomea iliyofuata, na iliyofuata, mpaka mwisho. Alipopakua chakula aliniuliza kama huyo aliyejifungua ni mtoto wake wa kwanza. Tangu siku hiyo haikuwa tena karatasi yangu. Kifurushi kikifika aliona usoni pangu kabla sijavua mabuti, akavuta kigoda, akapunguza redio. Haya, soma. Wanasemaje watu wetu?

Alikuwa na kichwa cha kushika watu. Baada ya miezi mitatu aliwajua wahadhiri wangu kuliko nilivyowajua mimi, niliyekuwa nakutana nao kwenye ngazi. Kwake Profesa Nkinda alikuwa Pulofesa, na alimpenda kwa sababu niliwahi kumwambia anavaa koti moja. Bi Zuhura, ambaye kwa ulimi wake alikuwa Bi Suhula, alipoteleza kwenye ngazi za idara akavunjika mguu, Mama Atupele alisimama katika maombi ya jumuiya, mbele ya majirani wote, akamtaja kwa jina. Wiki ile nilikwenda sokoni kununua maharage, na mama mmoja ambaye sikuwahi kuzungumza naye akanipimia, akaongeza kiganja, akauliza: "Na yule dada wa ngazini, anaendeleaje?" Nilisimama pale na kikapu changu nisijue nicheke au nilie. Nilimwandikia Bi Zuhura kwamba Makandana wanamwombea. Alijibu kwa ujumbe wa simu: Mdogo wangu, hapa hata aliyekaa meza ya pili hajaniuliza.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba Mama Atupele hakuwa na karatasi yake mwenyewe. Atupele alikuwa ameolewa Zambia. Picha yake ya harusi ilikuwa ukutani sebuleni, kando ya kalenda ya kanisa. Mama alimtaja mara chache na kwa upole, kama mtu anayetembea karibu na mtoto aliyelala: Atupele hali mbalaga bila pilipili, Atupele alipenda dirisha lile. Siku moja nilimuuliza kama wanapigiana simu. Alikuwa anamenya ndizi. Alimaliza ile aliyoishika, akaichukua nyingine. "Alikasirika," akasema. "Na mimi nilikasirika. Sasa sijui nani aanze." Akaniomba nimsomee tena habari za yule mtoto wa kiume wa idarani, kama tayari amebatizwa.

Kwenye karatasi za mwanzo Bi Zuhura aliniweka na mimi: Mwenzetu Salome yuko Rungwe, anatusalimu. Kisha nikahamia chini ya ukurasa. Kisha sikuwamo. Hakuna aliyeniondoa kwa ubaya, najua hivyo sasa ninapokaa upande wa pili wa meza na kuona jinsi mtu aliyeko mbali anavyofifia bila mtu yeyote kukusudia. Mwaka jana tu nilimsahau kijana wetu aliyeko Kigoma mpaka alipoingia ofisini kunisalimu. Lakini wakati ule, nikiwa na umri ule, na mvua ile, nilihisi mtu anazima taa moja moja katika nyumba niliyoiacha. Simu za Fidelis nazo zikawa za wiki mbili, zikawa fupi. Alikuwa na haraka, alikuwa na wageni, mtandao ulikuwa mbaya. Nilikuwa nikipanda kilima cha nyuma ya hospitali kutafuta mtandao mzuri, nikisimama pale na mwavuli, nikiitazama simu kama mtu anayengoja maji yachemke.

Ilipofika Aprili mvua ilizidi. Karatasi ilikuwa imesema Profesa Nkinda amelazwa kwa muda, na jikoni Makandana tuliisoma habari hiyo kwa sauti ya chini. Mama Atupele akaiweka kwenye maombi. Kisha nilikwenda Lufingo kwa mzunguko wangu, barabara ikakatika nyuma yangu, nikalala siku kadhaa kwa yule mzee wa bahati nasibu. Simu ilikuwa imezima na umeme haukuwapo. Niliporudi mjini, nilipita stendi kwanza, kifurushi kilikuwa kinanisubiri. Nikafungua pale pale. Mstari wa juu kabisa ulisema: Tunamshukuru Mungu, mkuu wetu Profesa Nkinda ameruhusiwa kutoka hospitali na anaendelea vizuri. Nilitembea kwenda nyumbani nikikaribia kukimbia, karatasi nimeitia kifuani isilowe. Mama Atupele alikuwa kwenye kigoda, jiko halijawashwa. Sikuliona hilo. Nilibaki mlangoni na mabuti yangu nikasoma kwa sauti kubwa, "Tunamshukuru Mungu," nikasoma mpaka mwisho wa mstari, nikamtazama nikingoja aseme ndaga fijo, asante sana, kama kawaida yake.

"Salome," akasema. "Weka karatasi, mwanangu. Kaa hapa."

Nikakaa.

"Bi Suhula alinitafuta kwa simu ya jirani, wewe hukupatikana. Karatasi hiyo ameituma wiki iliyopita. Pulofesa amefariki juzi."

Nilisema hapana, inasema hapa ameruhusiwa. Nilimwonyesha. Yeye ambaye hakuweza kuyaona maandishi aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama, akanirudishia. "Ndiyo," akasema. "Siku ile ilikuwa kweli."

Mazishi yalikuwa kesho yake, kwao Profesa, mbali huko kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa basi lolote, kwa barabara zile, ningefika kaburi limekauka. Nilipiga simu kwa Fidelis, akaniambia wako njiani na basi la chuo, wote, hata wafagizi. Nilisikia kwenye simu watu wakiimba ndani ya basi. Akasema pole, akasema baadaye. Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Kilichoniuma si kifo peke yake. Idara nzima ilikuwa imekaa kwenye viti vya basi moja, inaimba, na mimi niliyetumwa na marehemu mwenyewe nilikuwa natazama migomba.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya viti vinavyoburutwa. Mama Atupele alikuwa amevua picha ukutani na kuziegesha, ametandika mkeka sebuleni, meza ameitoa nje. Nikamuuliza kuna nini. "Leo wanazika," akasema, kama vile nimeuliza jambo la kijinga. "Hatuwezi kwenda. Basi tutakaa hapa." Nilidhani anasema mimi na yeye. Lakini kabla ya saa nne walianza kuja. Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mama Tumpe, na mkungu wa ndizi kichwani. Wakaja wale wa jumuiya, kila mmoja na alichojaliwa, kuni, maharage, unga, chupa ya maziwa. Akaja yule mama wa sokoni. Waliingia wamefunga khanga viunoni, wananishika mikono, wanasema, "Pole na Pulofesa." Wanaume walibanana barazani kukwepa mvua. Nilisikia mmoja akiuliza kwa Kiswahili, "Ni ndugu wa nani hasa?" na mwingine akamjibu, "Ni yule wa koti." Yule akaitikia, "Aa, wa koti," akavua kofia.

Waliimba. Nyimbo zile zile ambazo tuni zake nilizijua. Kisha mzee wa kanisa akaomba, akanigeukia akasema, kwa desturi yetu marehemu lazima asemwe, na hapa anayemjua ni wewe. Nikasimama. Nilikuwa nimezoea kusimama mbele ya watu na kueleza wastani na mtawanyiko, si kumsema mtu. Nikawasimulia kwamba mwaka wangu wa pili wa masomo niliitwa ubaoni, nikakosea hesabu, darasa zima likacheka. Profesa Nkinda hakufuta. Alichukua chaki akaendelea kutoka pale nilipokosea, mstari kwa mstari, kipindi kizima, kana kwamba kosa langu ndilo njia, mpaka likafika mahali likashindwa kwenda. Akasema, "Mmeona? Limefika mbali. Kosa la mvivu lisingefika hapa." Kisha akanipa chaki nirudie. Mzee mmoja akatafsiri kwa ajili ya wasiosikia Kiswahili vizuri, na alipofika mwisho mabibi wote walitoa sauti moja ya chini, kama mtu aliyepokea mzigo. Mama Atupele akaanza kulia. Alilia kwa Kinyakyusa, kwa sauti, akimwita Pulofesa, na baadaye akimwita mtu mwingine. Nilisikia jina la bintiye. Mama Tumpe akamshika mabega, mimi nikashuka mkekani nikamshika upande wa pili, tukalia wote watatu, kila mmoja na wake. Mchana tukala makande na mbalaga. Nimehudhuria misiba mingi ya wasomi tangu hapo, yenye mahema na vipaza sauti na wasifu uliochapwa kwa rangi. Sijaona tena msiba ambao marehemu alipewa kitu kwa sababu tu wenye kutoa walizisikia habari zake na wakazipenda.

Miezi miwili baadaye karatasi ilikuja na jina la mkuu mpya wa idara, na chini yake pongezi kwa Fidelis, aliyepata nafasi ya kwenda kusoma nje. Ilikuwa nafasi ile ile aliyoniahidi Profesa. Nilikuwa nikisoma kwa sauti jikoni, kwa hiyo nilisikia habari yenyewe kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama Atupele alijua jina la Fidelis. Aliniletea mwavuli. Nilipanda kilima nikampigia.

"Salome, sikuomba," akasema kabla sijamsalimu. "Waliniita."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Uko mbali."

"Simu umeishika mkononi, Fidelis."

Akasema Profesa hakuacha maandishi yoyote, na mkuu mpya anamtaka mtu aliye tayari kuondoka. Alisema ataniandikia akifika. Hakuandika. Miaka imepita, tumekutana kwenye mikutano, ameoa, ana nywele nyeupe, tunaulizana watoto. Sina kinyongo naye tena. Lakini kile kilima nikikiota mpaka leo, huwa naota nina mwavuli na hakuna mvua.

Wiki ile nilipanga kuondoka. Nilitaka kwenda kugombana na mtu, ingawa sikujua na nani. Nilikuwa chumbani nakunja nguo, na jikoni Mama Atupele na Mama Tumpe walikuwa wanamenya ndizi na kuzungumza Kinyakyusa, sauti niliyoizoea kama ya mvua. Kisha niligundua kwamba ninaelewa. Sijui ilianza lini. Maneno yalikuwa yakijikusanya bila kubisha hodi.

"Mwambie arudi kwao," alikuwa anasema Mama Tumpe. "Hapa anangoja nini? Aliyemwahidi amekufa, na yule mwingine amemkimbia."

"Najua," akasema Mama Atupele.

"Basi mwambie."

"Simwambii." Kisu kiligusa sufuria. "Akiondoka, nitabaki na redio."

Niliketi kitandani na sketi mkononi. Kwa miezi yote ile nilijihesabu kuwa mpweke peke yangu katika nyumba ile. Sikuondoka. Wako watakaosema nilibaki kwa ajili ya kazi, na ni kweli kwamba mavuno ya kiangazi yalikuwa hayajapimwa na Profesa aliniambia nikae, si niende na kurudi. Lakini nilibaki pia kwa sababu ya sentensi moja iliyosemwa ili nisiisikie. Nilikwenda jikoni, nikachukua kisu cha tatu, nikasema kwa Kinyakyusa kibovu kwamba ndizi hizi ni nyingi kwa watu wawili. Mama Tumpe aliachia ndizi ikaanguka. Mama Atupele alinitazama, akasogeza kigoda.

Mwaka ulipoisha, jumuiya ilinisindikiza stendi na mikungu ambayo basi lilikataa kuipakia yote. Nilirudi idarani nikakuta meza yangu ina mtu, nikapewa nyingine karibu na mlango. Saa ya chai wote walikuwa pale, watu ambao nilijua wamezaa lini, wameugua nini, wamefungwa magoli mangapi na nani analaumu jua. Mmoja akasema, "Oo, Salome! Tukuyu vipi?" Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mwaka mzima wa kusema. Lakini aliyekaa kando yake alikuwa ameshaanza habari ya mashine ya kutoa nakala, na nyuso zote zikageuka huko. Nikanywa chai yangu.

Bi Zuhura peke yake ndiye aliyeniingiza ofisini kwake, akafunga mlango, akasema, "Sasa niambie." Nikamwambia yote, mpaka msiba. Alilia, akajifuta, akavuta kibodi. Mwezi ule, katika Habari za Idara, kati ya harusi moja na matokeo ya mpira, kulikuwa na mistari miwili: Mama Atupele wa Makandana, Tukuyu, aliyemlea mwenzetu Salome na kuiombea idara hii mwaka mzima, anawasalimu nyote. Karatasi ilibandikwa ubaoni, ikagawiwa, ikasomwa. Nilikaa karibu na mlango nikingoja mtu aniulize ni nani huyo. Wiki ikaisha.

Nakala moja niliitia kwenye bahasha nikaituma kwa basi. Mama Atupele alipiga kwa simu ya Mama Tumpe, anapaza sauti kana kwamba anaivusha mlima. Amesomewa mara mbili, akasema. Amelisikia jina lake mwenyewe, kabla ya mpira, baada ya harusi. Kanisani wameshajua.

"Na watu wa idara?" akauliza. "Wamesemaje waliponiona?"

Nilitazama chumba. Watu walikuwa wameinamia kazi zao, feni inazunguka.

"Wamefurahi sana, Mama," nikasema. "Wote wanakusalimu. Wanauliza utakuja lini."

Nilisikia akiwageukia waliokuwa naye jikoni akiwatafsiria, na wao wakipiga vigelegele. Kisha akarudi kwenye simu.

"Waambie nimepokea," akasema. "Waambie mvua ikipungua."